Msifute ushahidi wa mtoto anayetishiwa mtandaoni

Mhariri,

Mtoto akitishiwa kwamba picha zake za utupu zitasambazwa, wazazi wengi humpokonya simu na kufuta kila kitu. Ushahidi hupotea, na mtoto hujifunza kuficha. Pigeni picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, namba na tarehe (picha za utupu zenyewe msizinakili wala kumtumia yeyote), ndipo mumzuie mhalifu. Msilipe kamwe, akishalipwa hudai zaidi. Pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo, Kenya na Tanzania. Huduma ya mtandaoni ya Take It Down hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo ndani ya simu, picha yenyewe isipakiwe popote, ili mitandao inayoshiriki iitambue na kuiondoa. Mtoto akikosa usingizi au akikataa chakula, mpelekeni hospitali.

Wahudumu wa afya ya watoto,
Mombasa