Barua kwa wazazi: likizo hii ya joto tukae na wanetu

Wazazi na walezi wapendwa, habari za siku, poleni na majukumu na poleni na hili joto.

Shule tunafunga Ijumaa. Ripoti watoto watakuja nazo, mambo ya ada mhasibu atayaweka kwenye grupu, mi hayo sitayagusa. Naomba leo tuongee joto, manake kaskazi imeshaanza na Dar yetu mnaijua, mpaka Machi ni jasho tu.

Wiki mbili zilizopita, baada ya mapumziko, mtoto wa darasa la tatu alilala kwenye dawati, mwalimu kumgusa anaungua, midomo imekauka mpaka imepasuka, tukamtoa kivulini, tukamvua sweta (ndio, sweta, Desemba hii), tukamlowanisha na kumnywesha maji kidogo kidogo mpaka akafungua macho vizuri. Chupa yake ilikuwa kwenye begi imejaa hadi kwenye kizibo, hajaigusa toka asubuhi. Nilishtuka sana. Toka siku ile nasimama getini jioni naangalia chupa za watoto, na nyingi zinarudi nyumbani kama zilivyokuja. Wazazi wenzangu, mtoto akinogewa na mchezo kiu haisikii, lazima mkubwa amwite anywe, na mkojo wake ukiwa wa njano iliyokolea ujue maji hayajatosha.

Na soda sio maji jamani. Embe sasa hivi zimejaa kila kona, mananasi yapo, madafu yapo, osheni vizuri muwape. Maji ya kunywa yachemsheni, na mtoto akianza kuharisha chukueni lita moja ya hayo maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, visijae kupita ukingo, anywe kidogo kidogo, na akilegea msisubiri kuche, mpelekeni zahanati.

Kucheza nje wacheze, nawaomba sana msiwafungie na tivii. Ila iwe asubuhi mpaka saa nne, halafu tena jioni kuanzia saa kumi. Katikati hapo jua linapowaka ndo muda wa kukaa kibarazani na bao au mdako, na mcheze nao nyie wenyewe, maana nilipouliza darasa la tano nani anajua mdako vidole viwili tu vilinyooka, nikaumia kweli, sie tuliukuta kwa dada zetu na hawa wataukuta kwa nani?

Mkienda bichi, iwe Coco au Kigamboni, mkubwa mmoja kazi yake iwe kuangalia watoto tu, simu aweke kwenye begi. Maji yakipwa watoto wanafuata kaa na konokono mbali kabisa, yakianza kujaa hawana habari, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndo yanajaa zaidi.

Usiku najua wanatupa chandarua wanasema joto. Fungueni madirisha yenye nyavu, wavalisheni nguo nyepesi, ila chandarua kibaki.

Januari tukifungua nitaingia tena darasa la tano na kokoto zangu za mdako mkononi, nione vidole vimefika vingapi.

Wenu,
Mwalimu Mkuu