Ile gari niliyoikataa

Assalam aleykum mwanangu,

Nakuandikia kutoka kazini, saa tisa usiku, wazee wamelala na mi niko kwenye breki. Siku ya nne leo wanijibu "ndio mama" na "la mama" basi, na najua ni ile gari. Nataka nikueleze kwa nini nilikataa. Soma yote, neno usilolijua niulize nikirudi.

Yule mzee mwenye yadi ya magari alinifuata mimi, hakukufuata we. Alianza pale jimu baada ya gemu yako ya basketi, hongera mama una kijana, alafu akapata namba yangu sijui kwa nani, meseji leo meseji kesho, alafu ndio akasema kuna Toyota pale haina dipoziti wala riba nilipe nikiweza, na kuna kazi ya ofisini, mchana, niache hii ya usiku. Mwanangu mi nina miaka sita na shifti ya usiku, mgongo wangu waujua. Usidhani ilikuwa rahisi. Nilimuuliza tu, wanifanyia yote haya kwa nini, akanambia chuo chetu kinampenda sana kijana wako. Basi nikajua hii gari italipwa na wewe.

Mtu kama yule NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, wanamwita busta. Hata kama hajaajiriwa na chuo, akishaichangia timu pesa, au akiwa kwenye klabu ya wafadhili wake, au akishamtafutia mchezaji kazi, keshakuwa busta, na hilo jina halimtoki tena hata akiacha kuchanga. Na we ulianza kuhesabiwa mchezaji mtarajiwa tangu ulipoingia darasa la saba, ndivyo ilivyo kwa basketi ya wavulana. Kukutafuta ni kazi ya makocha wa chuo, busta hana ruhusa kukupigia simu, kukuandikia inboksi wala kuja nyumbani kukuvuta uende chuo chake. Akitaka kutazama gemu aje akae atazame, asije kwako wala kwangu na habari za chuo. Na hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, wanadhani kinachokatazwa ni kumpa kijana, kumbe na jamaa zake pia. Pesa, mkopo, kukudhamini benki, nguo, nyumba ya kodi nafuu, kazi ya mama, yote hayo yamo.

Ukaniuliza mbona mzee wa ng'ambo ya barabara na yeye ana tiketi za msimu mzima za timu ya chuo na twala kwake. Yule alitupa kitanda na sufuria siku tuliyofika, wakati we hujui hata kudunda mpira, na kila birthday yako analeta keki ile ile. Urafiki uliokuwapo kabla ya mpira haukatazwi, maadamu haugeuzwi ukawa wa kukuvuta chuoni. Kwa hiyo keki yake utakula, ila akianza kukwambia njoo kwetu, mwambie kwa heshima mzee hilo niachie.

Chuo cha SMU pale Dallas unakipita ukienda mjini. Miaka ya themanini wafadhili walikuwa wakiwalipa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kila mwezi, hata baada ya chuo kushikwa na kuadhibiwa. NCAA ikaifuta timu msimu mzima wa 1987, na 1988 pia hawakucheza. Bill Clements, gavana wa Texas wakati huo, alikiri kwamba yeye na wenzake kwenye bodi ya chuo walikubali malipo yaendelee. Ile timu haikurudi kucheza bowl, zile gemu kubwa za mwisho wa msimu, mpaka 2009! Watoto waliokuja baadaye, ambao hawakula hata senti, ndio walioubeba huo mzigo.

Na chuo cha Michigan wapenda kuwatazama kwenye YouTube, wale Fab Five, vijana watano walioingia timu ya basketi pamoja. Busta mmoja, Ed Martin, aliiambia mahakama kwamba aliwakopesha wachezaji wanne wa Michigan jumla ya dola 616,000, Chris Webber akiwa mmoja wao. Bendera za fainali za 1992 na 1993 zikashushwa, ushindi ukafutwa, na Webber akakatazwa uhusiano wowote na chuo chake mpaka 2013. Mtu kacheza jasho linamtoka, alafu kitabuni waandika kama hakucheza.

Lakini iliyoniliza mimi ni ya Memphis. Busta wa chuo cha Alabama, Logan Young, alipatikana na hatia mwaka 2005 kwa kumlipa kocha wa high school dola 150,000 ili mchezaji wake aende Alabama. Kocha! Mtu aliyeaminiwa na mama wa watu. Mi sitaki kuwa huyo kocha kwako.

Wasema siku hizi wachezaji wanalipwa, kweli, sibishi. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, mabusta nao wakaunda vikundi vyao vya kuchanga, na Februari 2024 jaji kule Tennessee akaizuia NCAA isiwaadhibu vijana wanaojadiliana na vikundi hivyo kabla hawajachagua chuo. Juni 2025 yakapita makubaliano ya kesi ya House, ile ya wachezaji walioishtaki NCAA, sasa hata vyuo vyenyewe vyalipa. Ila hayo ni mikataba mwanangu, imeandikwa, ina jina lako, na ukiwa chuoni mkataba na mtu wa nje ukifika dola 600 au zaidi unaripotiwa ukaguliwe kama ni biashara ya kweli. Gari ya mamako ni biashara gani, umefanya tangazo gani? Na UIL, wanaosimamia michezo ya shule hapa Texas, hawataki mwanafunzi wa high school apokee kitu cha thamani kwa ajili ya mchezo, waweza kukosa msimu wako wa mwisho kwa sababu ya Toyota ambayo hata leseni ya kuiendesha huna.

Ukija wakati wako wa kulipwa mi sitakuzuia, tutatafuta wakili, tutasoma kila ukurasa. Ukialikwa rasmi kutembelea chuo, nauli na malazi na chakula analipa chuo, si mzee wa yadi. Akikuandikia usimjibu, usimtukane pia, nionyeshe tu.

Meseji zake zote ninazo. Kesho saa tisa mchana nakuja shuleni, nimeshaongea na kocha wako, tukae watatu azione, aziwasilishe ofisi inayosimamia sheria kule chuoni. Viatu vya saizi 14 nimelipia nusu, nyingine Ijumaa inshallah. Kuna mahamri kwenye friji, yapashe moto, na umuachie dadako.

Mamako