Ile Filamu Siyo Uliyoitaka

Rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Uliketi kutazama filamu uliyosifiwa, ukaangukia nyingine yenye jina lilelile, ya mapigano, na hafifu. Usijilaumu. Nchini Marekani hakimiliki hailindi jina la filamu, kwa hiyo majina hurudiwa. Chukua Heat: inayosifiwa ni ya 1995, ya mwongozaji Michael Mann, wamo Al Pacino na Robert De Niro, dakika 170. Ipo Heat nyingine ya 1986, ya Burt Reynolds, inayopita dakika 100 kidogo tu.

Basi ukitafuta filamu mtandaoni, usiandike jina tupu. Ongeza mwaka na mwongozaji, na kabla ya kubonyeza, tazama urefu wake. Umesimuliwa filamu ya karibu saa tatu, na hii ina dakika 90? Siyo yenyewe. Bango nalo lisikuhadae. Uso mkubwa pale juu unaweza kuwa wa mtu aliyefanya kazi siku chache, akaonekana akiongea na simu kisha akapotea. Soma orodha ya waigizaji: jina la mwisho kabisa, linalotanguliwa na neno "na", kwa kawaida si la stelingi.

Ikiwa umeshaingia, subiri pigano la kwanza, maana hapo ndipo filamu hafifu hujianika. Picha ya ngumi moja inakatwa mara tatu, mara nne, na kamera inatikisika: unaona bega, unaona ukuta, halafu mtu yuko chini. Mara nyingi hufanywa hivyo kwa sababu waigizaji hawakupewa wiki za mazoezi, na mazoezi ni fedha. Mhariri anabaki kuficha ngumi zisizofika. Pigano lililofanyiwa kazi hukuonyesha watu wawili wazima, kichwa hadi miguu, kwenye picha moja. Kosa jingine ni kamera kuvuka upande. Aliyekuwa kushoto anatokea kulia, nawe hujui tena nani anampiga nani. Linaniudhi sana hili, kwa sababu kuliepuka hakugharimu chochote ila umakini.

Angalia na bunduki. Moto wa mtutu ukiwa umechorwa kwa kompyuta baadaye, mara nyingi hauangazi uso wa mpigaji wala ukuta ulio karibu, na mkono wake hautikisiki.

Ukishatambua, toka mara moja. Ukiiacha iishe, huduma nyingi za filamu mtandaoni huanzisha filamu nyingine zenyewe baada ya sekunde chache. Nenda kwenye mipangilio ukazime hilo. Kisha fungua historia ya ulivyotazama uifute filamu hiyo, la sivyo mapendekezo unayoletewa yatajaa ndugu zake.

Niandikie nani alikusifia ile uliyoikusudia na alisema inahusu nini, nikutafutie mwaka wake na mwongozaji.

Wako,
Zuhura