Tuache kuitiana wateja

Habari za jioni ndugu zangu.

Msimu wa wageni ndio huu, Juni hadi Oktoba, na jana nimeona jambo limeniuma. Pale Soko la Wamasai mgeni ameshika bangili ya shanga kwa mama mmoja wetu, jirani akamwita, "Njoo kwangu, nusu bei!" Bangili ile imetungwa siku mbili nzima. Ukitoa shanga, uzi na nauli, kwenye nusu bei kinabaki nini? Na mgeni anaondoka akiamini sote tulitaka kumpunja.

Naomba sana, mteja akiwa mezani kwa mwenzako, subiri aondoke mwenyewe.

Wenye vinyago vya mpingo halisi, wekeni ndoo ya maji: mpingo unazama, mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu unaelea. Hapo huna haja ya kugombea bei. Wa vikapu, sukeni palepale mezani. Mtu akiona mikono ikifanya kazi habishani sana.

Jumamosi saa 10 jioni tukutane tupange bei ya chini ya bangili na hereni. Akina mama wa shanga, njooni na hesabu za gharama zenu.