Mkebe wa biskuti wa bibi

Somo yangu,

Salamu nyingi, na usininunie. Najua ni miezi minne. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya deki, namba zote zikapotea. Hiyo ni miezi miwili, iliyobaki ni uvivu wangu.

Nimeandika kwa ajili ya ule mkebe wa biskuti wa bibi wenye barua zake, ulio juu ya kabati kwenu. Bado upo? Usiniambie mjomba ameshautia misumari.

Juzi kwenye darasa la usiku mwalimu katuonyesha video ya msanii Mona Hatoum ya mwaka 1988, inaitwa Measures of Distance. Yeye ni Mpalestina, mzaliwa wa Beirut. Mwaka 1975 alikuja London kutembea tu, vita vikazuka Lebanon, ikawa ndiyo kakwama huku. Ni robo saa hivi. Mama yake anaoga, picha zina ukungu, na mbele yake zimepita barua zake mwenyewe za Kiarabu, mstari juu ya mstari, kama pazia. Au kama seng'enge, mie bado sijaamua. Hatoum anazisoma kwa Kiingereza, sauti imepoa, na nyuma unawasikia mama na mwana wanapiga soga kwa Kiarabu na kucheka. Mama anasimulia mumewe alivyoudhika kwa zile picha za bafuni. Barua ya mwisho, posta imelipuliwa kwa bomu la gari.

Wenzangu darasani: "Maandishi mazuri!" Kwao nakshi.

Nilitaka kuwacheka, nikajikumbuka. Barua za bibi mie naziona vipi? Nukta, wino uliochujuka, duara la kikombe cha chai pembeni. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, na siwezi kukisoma! Msahafu nasoma, lakini bibi hakutia irabu, na herufi be yake moja ndiyo b, ndiyo p, ndiyo mb. Unakumbuka tulivyogombana kama kaandika "bibi" au "pipi"?

Basi wewe uliyekaa kwa maalim ukafahamu, nisomee. Weka simu mezani, rekodi. Ukikwama, kwama, usinitengenezee. Nataka niziandike upya kwenye kitambaa, sauti yako iwe inasikika nyuma. Mama nimemwambia, kanikatalia: "Za nini kuwaanika watu?" Nikamfikiria yule baba wa Beirut. Lakini mama naye ana haki yake, bibi hakuniandikia mie. Ndiyo maana nataka uzisome kwanza peke yako, ukiona ya kufunikwa... utajua mwenyewe.

Utaweza kabla ya Ramadhani? Karatasi hazijaliwa na mende? Yule wa Funguni kesharudisha baiskeli? Na wewe mguu vipi, unapanda ngazi? Ile barua yenye duara la chai, ilikuwa ya kwenda kwa nani?

Wako,
Somo