Kuta za maofisini tupu, michoro iko chini ya kitanda

Mhariri salaam,

Wiki iliyopita nilienda kufuatilia makaratasi yangu kwenye jengo moja la ofisi hapa Arusha mjini, nikaambiwa subiri hapo chini, nikasubiri masaa mawili. Ukikaa masaa mawili sehemu utaijua yote. Pale mapokezi kuna picha ya Rais na ya Baba wa Taifa, hizo sawa, kuna dira na dhamira ndani ya fremu ambayo sikuona mtu akiisoma, mtungi wa kuzimia moto, maua ya plastiki yana vumbi, na kalenda ya mwaka juzi. Ukuta wote uliobaki mweupe pe. Na tuliokuwa tunasubiri tulikuwa kama ishirini, kila mtu na simu yake, chaji ikiisha tunaangaliana.

Sasa mimi nina mtoto wa dada yangu anachora. Chalii ana michoro kumi na nne chini ya kitanda, mmoja panya wameshala kona. Kuna huo mmoja wa mama wa sokoni Kilombero kakaa juu ya gunia, fundo la kanga kalibana kwa meno anahesabu chenji, mpaka udongo wa viazi kwenye kucha umechorwa. Akipeleka kwenye maduka ya vinyago anaambiwa hiyo haitoki, lete tembo, lete Mmasai na mkuki, lete jua linazama. Simlaumu mwenye duka, anayemlipa ni mtalii. Ila yule mama ni wetu, sisi tutamwonea wapi?

Najua kuna atakayesema mbona mchoraji Tingatinga alitoka. Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 60 na vipande vya hadibodi na rangi za madukani tu, akafariki 1972, miaka michache hiyo na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Lakini yule alikuwa anauzia Oysterbay kule Dar, sehemu watu wenye hela wanapita. Hawa wetu hawana pa kupitiwa.

Na sehemu za kupitiwa zipo bana! Chukua AICC peke yake, kile kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha, majengo matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, watu wanaingia kutwa. Mapokezi yakiwekwa michoro sita ya chipukizi, kila baada ya miezi mitatu inabadilishwa, chini yake kikaratasi cha jina, bei na namba ya simu, anayetaka ampigie mwenyewe, mwenye jengo kapoteza nini? Asidai cha juu tu. Maana kuna jengo dogo chalii wetu aliulizia akaambiwa alipie ukuta kwa mwezi, yani kama anafungua genge.

Waandikiane hata karatasi moja, dada wa usafi akirusha maji ya deki kwenye mchoro nani analipa, na isitundikwe panapopiga jua la mchana kutwa, rangi inapauka. Mlinzi naye aambiwe, asije akamfukuza kijana na kazi zake getini akidhani ni mmachinga.

Kwenye lile jengo nililosubiri, ukuta wa kushoto ukishaingia nimeupima kwa hatua, ni kumi na moja. Misumari chalii atakuja nayo mwenyewe.

Mkazi wa Sakina, Arusha