Goti likivimba papo hapo, msilichue

Ndugu Mhariri,

Viwanjani mwetu mchezaji akianguka ameshika goti, wa kwanza kumfikia huja na dawa ya kuchua. Baadaye hupigwa eksirei, picha inatoka safi, na wiki 2 zikipita anapangwa tena kikosini. Vijana wanapoteza magoti kwa utaratibu huu.

Goti linashikiliwa na kano kuu 4, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje. Mbili nyingine zimepishana katikati ya goti: ya mbele huzuia muundi usichomoke kwenda mbele, ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Ya nyuma ni nene zaidi. Huumia mtu akiangukia goti lililokunjwa, au muundi ukigonga dashibodi ya gari.

Kwenye soka, balaa ni ile ya mbele. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa: ametua vibaya, au amegeuka ghafla mguu ukiwa umekita chini na goti likalalia ndani. Husikia "pa!", na ndani ya saa chache goti limejaa. Uvimbe wa haraka hivyo kwa kawaida ni damu iliyovujia ndani ya jointi, na kuchua au kukanda kwa maji moto huizidisha. Weka barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu. Unyayo ukiwa wa baridi au umekufa ganzi, mkimbizeni hospitali wakati huo huo, maana huenda mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti umeumia.

Eksirei huonyesha mifupa, kano hazionekani. Mtaalamu hulikunja goti nyuzi 20 hadi 30, akashika paja kwa mkono mmoja na kuvuta muundi mbele kwa mwingine, kisha akalinganisha na goti la pili. Muundi ukija bila kugota, kano imekatika. Goti lililojaa sana hudanganya, kwa hiyo kipimo kirudiwe uvimbe ukipungua, MRI, picha inayoonyesha kano, ifuate.

Kano ya pembeni ndani mara nyingi hupona kwa kifunga goti na mazoezi. Ya mbele ikikatika kabisa ni nadra kujiunga yenyewe, kwa kuwa ute wa jointi hauachi damu igande pale. Anayeendelea kucheza na goti linaloachia hupasua na meniski, yaani gegedu lililo kati ya mifupa ya goti.

Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele asicheze mechi kabla ya miezi 9, na hata hapo nguvu ya paja ipimwe kwanza: ifike angalau asilimia 90 ya mguu wa pili.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Morogoro